Formula Rossa, Velociraptor au Storm: umebaki na siku moja Dubai, upande rola kosta ipi?

Hili swali linarudi kila msimu kwa watu wa Dar wanaoenda Dubai kufuata mzigo. Maboksi yameshaingia kago, ndege ni kesho usiku, dirham kidogo zimebaki mfukoni na miguu imechoka kuzunguka masoko ya Deira, sasa mtu anataka apande ile rola kosta ya kufyatua (behewa la mchezo linalokimbizwa kwenye reli) aliyoiona kwenye simu, ile mtu amekaa zake vizuri halafu ghafla mashavu yanahamia masikioni. Shida ni kwamba ziko kadhaa, kila moja iko upande wake, na kila utakayemuuliza atakutajia ile aliyopanda yeye. Mi nitalinganisha tatu: Formula Rossa ya bustani ya michezo ya Ferrari World pale kisiwa cha Yas, Abu Dhabi, Velociraptor ya IMG Worlds of Adventure, bustani ya michezo ya Dubai, na The Storm Coaster ya Dubai Hills Mall. Na msimamo wangu nautoa kabisa mapema, kama ni mara yako ya kwanza na una nusu siku tu nenda Storm, achana na namba kubwa za Abu Dhabi. Ukiwa na siku nzima tangu asubuhi hapo stori inabadilika.

Kwa ambaye hajawahi, rola kosta za kawaida zinavutwa juu na mnyororo taratibu, unasikia ta-ta-ta-ta chini ya kiti, unapata muda wa kusali na kujuta, halafu mteremko ndo unafanya kazi yote iliyobaki. Anaconda ya Gold Reef City kule Joburg, ambayo Wabongo wanaoenda Sauzi wanaijua, ni ya hivyo. Hizi za kufyatua hazina mambo ya kukubembeleza. Behewa linasimama kwenye reli iliyonyooka, kimya, halafu linasukumwa kwa nguvu mpaka lipate spidi ya kutosha kupanda mlima lenyewe. Ukitaka kujua mwili unasikiaje, fikiria umesimama kwenye daladala hujashika bomba, konda kagonga bodi na dereva kaona mwenzie anamuwahi kituo cha mbele, ila huku una kiti, una chuma mapajani, na mguu haunyanyuki kwenye mafuta.

Sasa kuna kitu watu hawakiangalii kabisa wakisoma yale matangazo. Wanasoma "kilomita 240 kwa saa" upande mmoja na "kilomita 100 kwa saa" upande wa pili, wanahitimisha kwamba ya kwanza itakuminya mara mbili na nusu ya hii nyingine. Hapana. Kinachokuminya mgongoni ni jinsi spidi inavyopanda, sio spidi yenyewe, ndo maana kwenye ndege umekaa unakula kuku na iko juu inakimbia karibu kilomita 900. Formula Rossa inafika 240 kwa sekunde kama 4.9. Velociraptor inafika 100 kwa sekunde 2.5. Ukipiga hesabu ya darasani, Rossa inakusukuma kwa wastani wa kama mara 1.4 ya uzito wako na Velociraptor kama mara 1.1. Tofauti ipo ila sio ya kutisha hivyo. Tofauti yenyewe hasa ni muda: Velociraptor inakusukuma mita 35 hivi ishaisha, unapumua, wakati Rossa inaendelea kukusukuma kwa mita kama 160, yaani uwanja wa mpira kutoka goli hadi goli na nusu nyingine juu yake, na kila ukidhani imemaliza kumbe bado. Hiyo "kumbe bado" ndo unayoilipia nauli ya Abu Dhabi.

Na usidhani kubanwa zaidi ndo raha zaidi. Japani, kwenye bustani ya michezo ya Fuji-Q Highland, walikuwa na moja inaitwa Do-Dodonpa, ikatumia hewa iliyobanwa kufika 180 kwa sekunde 1.56, hesabu yake inatoka zaidi ya mara tatu ya uzito wako. Mwaka 2021 waliisimamisha baada ya abiria kadhaa kuumia mifupa, na 2024 wakatangaza kwamba hairudi tena. Kwa hiyo akija mtu kujisifu kwamba ya kwao inafyatua kali kuliko zote, mwache na sifa zake.

Haya, Formula Rossa. Hii ilifunguliwa 2010 pamoja na Ferrari World yenyewe, kampuni iliyoijenga inaitwa Intamin, na tangu siku hiyo ilishika rekodi ya rola kosta yenye spidi kuliko zote duniani kwa miaka mingi mpaka Wasaudia walipokuja na yao (hiyo nitaigusa chini). Reli ina urefu wa kilomita 2 na kidogo, mlima wake mkubwa ni mita 52, na behewa limechongwa kama gari la Formula 1, jekundu, watu 16, wawili wawili. Kwa kipimo cha kwetu, SGR ya umeme ikiwa imechanganya kwenda Morogoro inagonga 160. Rossa ni SGR na nusu, na huna kioo mbele.

Kwa kuwa huna kioo wanakupa miwani. Mwanzoni unaona kama urembo, unajipiga selfi (mwishowe simu inabaki nje hata hivyo), lakini iko nje jangwani ile, na punje ya mchanga kwenye 240 sio ya kutania, itaingia jichoni na safari yako ya Dubai ikaishia hospitali. Yule kijana wa pale anapita kiti kwa kiti, anavuta mkanda wa miwani kisogoni, anasukuma chuma cha mapajani mpaka tumbo linaingia ndani, hakuulizi kama umekula. Dada zangu mnaovaa wigi, nisikilizeni: lile wigi la kubandika na gundi ya haraka liache hotelini, suka hata twende kilioni tu. Wa ushungi ufunge ubane kabisa, mwisho wake uchomeke ndani ya nguo usipepee. Ukipata kiti cha mbele kabisa upepo wote ni wako, hewa inaingia puani hata hukuiomba na kupumua kunakuwa kazi, mi kwa mtu wa mara ya kwanza nashauri akae kati, utamu ule ule ila unaweza kufungua macho.

Jinsi inavyosukumwa ni habari ya peke yake. Wanatumia haidroliki: pampu zinasukuma mafuta yanabana gesi ya nitrojeni kwenye mitungi, ikishajaa presha valvu zinafunguliwa kwa mkupuo, mafuta yanazungusha mota, mota zinazungusha pipa kubwa, na hilo pipa linavuta kebo ambayo imeshikana na kitu kama ndoano chini ya behewa. Yaani wewe unavutwa na kamba, ila kamba ya hatari. Mtindo huu ulitamba sana miaka ya 2000, Marekani walijenga Top Thrill Dragster mwaka 2003 na Kingda Ka 2005, hiyo Kingda Ka ilikuwa inafika 206 na kupanda mita 139. Leo hii Kingda Ka haipo tena, ilifungwa 2024 na mnara wakaulipua 2025, na Dragster wameibadilisha ikawa ya sumaku. Mitambo ya haidroliki ina nguvu sana ila inadai matunzo kila siku, kebo inachakaa, na ikigoma imegoma. Kwa hiyo hili ndo la kuzingatia wewe unayetoka mbali: usiondoke Deira kabla hujahakikisha asubuhi hiyo hiyo kwenye tovuti yao au kwa simu kwamba Rossa inafanya kazi. Upepo ukiwa mkali au mchanga ukivuma wanasimamisha pia, maana iko nje. Na ukienda mwezi wa saba au wa nane, joto limepita 40, ule upepo unaousikia usoni ni wa moto, sio wa kukupooza.

Baada ya kufyatuliwa inafanya nini? Hapa ndo nina kinyongo kidogo nayo. Inapanda mlima, inashuka, inakata kona ndefu ndefu, vilima vidogo, halafu inarudi, dakika moja na nusu hivi jumla. Haikupindui kichwa chini hata mara moja. Ni spidi, spidi, spidi, na kadri inavyoenda spidi inapungua, kwa hiyo kilele chake kiko mwanzo na kwingine kote unateremka kihisia. Kuna wanaoipenda hivyo. Mi naona kama ungekuwa unailipia yenyewe peke yake ingekuwa ghali.

Ila hailipiwi peke yake, na hapo ndo Ferrari World inajitetea. Tiketi ni ya siku nzima na ndani kuna nyingine za kufyatua ambazo watu wanazipita bila kujua. Turbo Track inakurusha mpaka juu ya paa la lile jengo jekundu halafu unarudi chini. Fiorano GT Challenge ni reli mbili, mabehewa mawili yanashindana, ukienda na mshkaji mkagawana kila mmoja lake kelele zake sio za nchi hii. Mission Ferrari ya 2023 iko ndani na kuna sehemu reli inadondoka nawe kwa ubavu, sio kwa mbele. Kuna na Flying Aces, hiyo inavutwa na kebo kwenda juu badala ya kufyatuliwa, inafika 120, na wengi wakitoka pale wanakwambia imewapa raha kuliko Rossa. Mi sibishani nao. Kwa hiyo ukiingia saa za kufungua na kutoka jioni, hela yako imerudi. Ukiingia saa tisa alasiri kwa sababu asubuhi ulikuwa unagombana na mtu wa kago, umeliwa.

Velociraptor nitaipitia fasta kidogo, sio mbaya, ila haina maneno mengi. IMG ilifunguliwa Agosti 2016, ni jengo moja kubwa sana lenye kiyoyozi, na hii iko upande wa madainosoria, imejengwa na Mack wa Ujerumani. Inaanzia ndani gizani, inafyatuliwa kwa sumaku, na inakutoa nje ya jengo kwenye jua la jangwani halafu inakurudisha. Hiyo ya kutoka gizani kwenda kwenye mwanga mkali ndo kitu nilichokipenda, macho hayajazoea bado na tayari uko hewani. Sumaku maana yake hakuna kebo wala mafuta, kuna koili za umeme zimepangwa kwenye reli na sumaku ziko chini ya behewa, umeme unakimbia koili kwa koili na behewa linaufuata. Mfyatuko wake ni laini, hauna ule mshtuko wa mwanzo. Ila sababu ya kweli ya kwenda IMG sio Velociraptor, ni watoto. Kama umekuja na familia, wadogo wana Marvel na Cartoon Network yao humo ndani, hawaungui jua, mama anakaa anakunywa chai, na baba anajiibia dakika kumi anaenda kufyatuliwa. Tena iko jirani na Global Village, lile tamasha la maduka ya nchi mbalimbali, ambayo inafunguliwa msimu wa baridi, kuanzia kama Oktoba mpaka Mei, kwa hiyo mnaunganisha jioni.

Rossa kwa watoto wala usijisumbue, kimo cha chini ni sentimita 140. Mpime mtoto nyumbani ukutani na kalamu kabla hujamwahidi, maana kumtoa mtoto kwenye foleni mlangoni pale analia mbele za watu ni adhabu. Hizi nyingine nazo zina kipimo chao, uwaulize kabla ya kulipa.

Sasa The Storm. Dubai Hills Mall ilifunguliwa 2022 na hii rola kosta iko ndani yake, yaani unapita duka la viatu, unapita wanaokula burger, unakutana na mlango wa kupanda. Ukisoma namba zake utaidharau: spidi kama 77, reli mita 670. Ukilinganisha na kilomita 2 za Rossa unaona kama ya watoto. Lakini hii haikufyatui kwa mbele, inakufyatua kwenda JUU. Wima kabisa, nyuzi 90, umelala chali unaangalia dari, mita kama 50, na Guinness, wale wa rekodi za dunia, waliiandika kwa kasi ya kupanda wima, kilomita 41 kwa saa. Unaweza kucheka hiyo 41, bodaboda ya Mwenge inapita hapo asubuhi na mapema, lakini bodaboda haiendi juu ukutani. Mgongo wote umebebwa na kiti, miguu iko juu kuliko kichwa, unaona kabisa reli inaishia mahali juu kule halafu huoni kinachofuata. Na kwa vile ni ndani ya jengo kona zimebanana, vyuma vinapita karibu na sikio, kwa hiyo 77 ya humo unaisikia kuliko 120 ya sehemu iliyo wazi ambako hakuna kitu pembeni cha kukuonyesha unakimbia. Hii ndo sababu naipigia debe. Inakupa kitu ambacho huwezi kukipata kwenye rola kosta ya mnyororo wala kwenye gari lolote, na inakupa kwa nusu saa tu ya siku yako.

Halafu unalipia mzunguko, sio siku nzima. Kwa mtu aliyebakiwa na chenji hiyo ni habari kubwa. Ferrari World na IMG tiketi zao ni mamia ya dirham kwa kichwa, mkiwa wanne hiyo ni pea kadhaa za viatu ambazo ungeuza Kariakoo. Dirham imefungwa na dola, kama 3.67 kwa dola moja, haipandi wala kushuka, kwa hiyo ukijua dola umeinunua shilingi ngapi Dar hesabu yako ni nyepesi, fanya kabla hujaenda na sio ukiwa kwenye foleni. Tiketi za mtandaoni mara nyingi zina nafuu kuliko za mlangoni.

Kuna shem wangu ana duka la vipodozi Msimbazi, aliniuliza hivi hivi kabla ya safari. "Shem, we unayejua haya mambo, nisije nikafa ugenini, nipande ipi?" Nikamuuliza, tatizo lako ni juu au ni spidi? Akasema spidi hana shida nayo, kazoea mabasi ya kwao Mbeya, ila ghorofa ya tatu tu dirishani hasogei. Basi kwa mtu kama yeye ushauri wangu wa Storm unageuka, ile ya kulala chali unaangalia mita 50 juu yako itamtesa, bora Velociraptor, inaanza kwa mlalo na inamfyatua kabla hajapata muda wa kuangalia chini. Mwingine anaogopa spidi ila juu hana neno, huyo Storm inamfaa hata zaidi. Kwa hiyo jiulize hilo kwanza kabla ya kuuliza ipi ni maarufu. Na wenye presha, matatizo ya moyo, mgongo, au mjamzito, hamna ya kuchagua hapo, zote tatu muangalie tu na mshike mikoba ya wenzenu.

Hiyo ya Saudia inaitwa Falcons Flight, iko Qiddiya nje ya Riyadh, imeundwa kwa spidi ya 250 na reli ya zaidi ya kilomita 4, inasukumwa na sumaku. Nimeshasikia mtu anasema ataipitia akienda Umra. Ndugu yangu, Riyadh na Makka ni karibu kilomita 900, hiyo sio kupitia, hiyo ni safari nyingine, utimize kwanza kilichokupeleka.

Kuhusu usafiri, Storm na IMG zote ni teksi kutoka Deira, nusu saa na ushee kama foleni haijakukamata. Storm ina faida kwamba hata ukikwama uko moli, kuna chakula, kuna mahali pa kuswali, kuna choo. Abu Dhabi ndo kazi. Rahisi ni basi la umma kutoka Al Ghubaiba, upande wa Bur Dubai, ukiwa Deira unavuka na abra, ile boti ndogo, kwa dirham 1 halafu unatembea kidogo. Ila basi linakupeleka stendi ya Abu Dhabi mjini, na Yas mnakuwa mmeshaipita njiani, kwa hiyo utachukua teksi kurudi nyuma na hapo muda unaondoka. Mkiwa watatu au wanne chukueni gari moja kwa moja toka hotelini, mgawane, mnafika kwa saa moja na nusu hivi na hamjachoka.

Biriani la Deira kula ukirudi. Na pasipoti usiende nayo mfukoni, makabati ya kuhifadhia mizigo yapo, weka humo pamoja na simu na risiti za kago, maana bila risiti ya kago mzigo wako hautoki, hata ukisema ulikuwa unakimbia 240.